Mlo na Mchezo: Habari za Jukwaa katika Mbulu na Hanang

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hii hutajwa sana na watu wanaohimiza mapenzi ya nyumbani, lakini aghalabu husahauliwa kwamba ina neno la wazi juu ya sanaa ya mchezo. Inataja mchezaji, inataja mahali pake pa kuchezea, na inataja tuzo ya watazamaji. Mchezaji asiye na kwao hana wa kumtunza. Na watazamaji wasiotoa kitu hawakumtazama mtu wa kwao, walimtazama mpita njia. Makala haya yanakusudia kuipima kwa methali hiyo desturi moja ya mijini, yaani desturi ya kutoka jioni kwenda kula na kutazama mchezo wa kuigiza, na kuilinganisha na mikusanyiko inayofahamika katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Desturi ya mijini inajulikana. Watu huvaa nguo nzuri, hula hotelini, kisha huingia katika jumba la michezo, huonyesha tikiti zao, huketi gizani na kunyamaza. Chakula kina nyumba yake, na mchezo una nyumba yake. Anayepika hamjui anayeigiza, na anayekula, akiisha kulipa mara mbili, hadaiwi kitu na yeyote. Mpango huu uliletwa Afrika ya Mashariki na watu wa Ulaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili wapenzi wa michezo wa Kiingereza walikuwa na majumba yao madogo Dar es Salaam na Arusha. Na Nairobi jumba la taifa la michezo lilifunguliwa mwaka 1952, likitazamana na Hoteli ya Norfolk. Hali ya mahali hapo yatosha kuwa mfano: meza upande huu, jukwaa upande ule, na barabara katikati.

Uhuru ulipopatikana, lugha ya jukwaa ilibadilika upesi kuliko umbo la jumba. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na ya mchezo wa mfanyabiashara wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi aliitafsiri Macbeth mwaka 1968. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, na mwaka 1972 Penina Muhando alichapisha Hatia. Tangu hapo hapana awezaye kusema kwamba Kiswahili hakijui tamthilia. Lakini mtazamaji aliendelea kuketi mahali pale pale alipoketi Mwingereza, akitazama mbele, akiwa ameshiba au ana njaa, na shibe yake au njaa yake haikuhusiana na mchezo.

Yafaa kukumbuka kwamba mpango huo ni mgeni hata pwani. Maulidi ya Barzanji husomwa mbele ya watu wanaoitikia na kusimama kwa pamoja mahali panapojulikana, na mwisho wake ni chakula, au halua na kahawa. Harusi nayo ina nyimbo zake na karamu yake, na hapana aliyewahi kuuliza ni ipi kati ya hizo iliyo sherehe yenyewe. Kwa hiyo mambo ya Mbulu na Hanang yatakayoelezwa hapa si maajabu ya bara yanayohitaji kushangaliwa. Ni ndugu wa mambo ambayo msemaji wa Kiswahili anayafahamu kwao.

Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002 kwa kumega Mkoa wa Arusha. Mbulu ni nchi ya nyanda za juu, yenye baridi na mashamba ya mtelemko. Katikati yake ni kwa Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Kusini yake wilaya ya Hanang imeuzunguka mlima wa jina hilo, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na tambarare zake zimekuwa malisho ya Wadatoga, hasa tawi lao la Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kiniloti. Bonde la Yaeda ni makao ya Wahadzabe. Kiswahili katika nchi hiyo ni lugha ya shule, ya ofisi, ya soko na ya mahubiri. Mtu atakayetafuta huko jumba la michezo la namna ya Nairobi atakuta kumbi za shule na za makanisa, na viwanja vya mikutano. Akiwa mwepesi wa kuhukumu, ataandika kwamba nchi hii haina sanaa ya jukwaa. Hukumu hiyo ndiyo inayopingwa hapa.

Kabla ya kufika Mbulu, na itazamwe kwanza karamu moja mashuhuri ya jukwaani. Katika tendo la tatu la Macbeth, mfalme mpya amewaalika wakuu wa nchi mezani. Anawaambia waketi kwa vyeo vyao. Mwuaji anafika mlangoni na kumnong'oneza kwamba Banquo amekwisha uawa, lakini mwanawe ameponyoka. Mfalme anaporudi mezani, anakuta kiti chake kimekaliwa na mzuka wa Banquo, ambao wageni hawauoni. Anapiga kelele, na mkewe anawaondoa wageni mbiombio, bila kuangalia nani atangulie na nani afuate. Wasomaji wengi husifu mzuka. Lakini nguvu ya onyesho hilo iko mezani. Wageni waliketi kwa vyeo na wakaondoka bila vyeo. Ufalme ulioanza kwa kumwaga damu ya mgeni haukuweza hata kulisha wageni wake. Shakespeare alijua kwamba karamu ni kipimo cha amani, na kwamba mwenyeji aliyeshindwa na meza yake ameshindwa na nchi yake.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mtazamaji wa jumba la michezo hapati. Karamu ya Macbeth ni karamu ya uongo: nyama ni ya karatasi na vikombe ni vitupu. Wageni wa mfalme wanapofukuzwa, mtazamaji haondoki. Ameketi salama, na chakula chake alikwisha kula ng'ambo ya barabara. Karamu imevunjika, naye hakupoteza tonge. Anaweza kumhurumia Macbeth au kumlaani, lakini hakuna awezalo kufanya ili karamu isivunjike. Huo ndio ukubwa wa sanaa hiyo, na ndio mpaka wake pia.

Katika nchi ya Wairaqw iko sanaa ya maneno iitwayo slufay. Ni dua iliyotungwa kwa lugha ya kishairi, ndefu, yenye mafumbo na maneno ya kale ambayo kijana hayapati katika mazungumzo ya kila siku. Mwanaanthropolojia Robert Thornton aliieleza katika kitabu chake juu ya Wairaqw cha mwaka 1980, na wataalamu wengine wa lugha wameiandika na kuichambua. Mahali pake pa desturi ni mkutano wa wazee, au pombe ya nyumbani inapokaribia kwisha. Mzee mmoja husema. Waliohudhuria huitikia kwa sauti moja baada ya kila fungu. Humtaja Looaa, ambaye ni Mungu na ni jua, na ambaye katika lugha yao ni wa kike, kama mama. Hutaja pia roho za majini, ambazo huogopwa. Huombea nchi, mvua, watoto, ng'ombe, na kuomba mabaya yaende mbali.

Ufundi wa slufay haukai kwa msemaji peke yake. Msemaji huinua neno, na kiitikio hulipokea. Kiitikio kikiwa kizito, msemaji hupata pumzi na huendelea mbali zaidi. Kikilegea, maneno yake hukosa mahali pa kutua. Anayeitikia si mtazamaji kwa maana ya jumba la michezo. Amekunywa pombe ya nyumba ile, kwa hiyo ana deni kwa nyumba ile, na deni hilo hulilipa kwa sauti yake. Hapa tuzo ya methali imegeuka sura: watu hutunzwa kwanza kwa kinywaji, nao humtunza mchezaji kwa kuitikia. Pia, anayeitikia amekubali. Mtu mwenye ugomvi na jirani yake hawezi kuketi pale na kuitikia dua ya amani bila kujisuta. Ikiwa karamu ya Macbeth huvunjika mbele ya watu waliokaa salama, karamu hii ikivunjika huwavunjikia wote waliohudhuria.

Mpinzani atasema: hiyo ni ibada, wala si mchezo. Mzee yule haigizi mtu mwingine. Anaomba mvua kwa kuwa anataka mvua. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walijaribu kuipanua maana ya sanaa za maonyesho ili ichukue ngoma, masimulizi na sherehe za jadi, wala isifungwe na mchezo wa kuandikwa peke yake. Walifanya vema. Lakini upanuzi una hatari yake: neno likichukua kila kitu, halitofautishi kitu chochote. Kama kila mkusanyiko ni mchezo wa kuigiza, mhakiki hana kazi.

Jawabu linalofaa ni kupima kwa vitendo. Mzee wa slufay hasemi kwa maneno yake ya kila siku. Amevaa usemi mwingine, uliopokewa, wenye mpangilio na mapigo yake. Mtu aliyekuwa akizungumza bei ya mahindi saa moja iliyopita sasa anasema kwa sauti ya nchi nzima. Katika maneno yake mabaya hupewa umbo, hukaribia, hufukuzwa. Kuna kugeuka, kuna vita, kuna mwisho. Kwa hiyo mambo mengi ya mchezo yapo. Lisilokuwapo ni kujifanya: mvua inayoombwa ni mvua ya kweli. Yafaa kusema basi kwamba slufay si tamthilia, lakini ni sanaa ya jukwaa. Na kwamba tamthilia ni mtoto mmoja tu katika nyumba yenye watoto wengi. Anayeipa tamthilia nyumba nzima huwanyang'anya ndugu zake urithi.

Kusifu kusiwe kufumba macho. Jukwaa la slufay lina mlinzi wa mlango. Kwa kawaida msemaji ni mwanamume mzee. Wanawake huombewa kuliko kusikilizwa, na vijana huitikia maneno ambayo pengine hawayaelewi. Hapa tamthilia ya kuandikwa ina jambo la kujivunia. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata ndio wanaohangaika kuisimamisha nguzo, na ugomvi wao, udhaifu wao na mizigo yao ndiyo habari yenyewe. Mchezo wa namna hiyo unaweza kusema mbele ya watu jambo ambalo dua ya wazee haikupewa nafasi ya kulisema. Sanaa hizi mbili zina upungufu unaotofautiana, na kwa sababu hiyo zinahitajiana.

Kutoka Mbulu na ifikiwe Hanang, maana huko jambo hili lina uchungu zaidi. Wadatoga wana desturi ya maziko iitwayo bung'eda. Haifanywi kwa kila mtu. Ni heshima ya mzee mashuhuri, na watu hukubaliana kwanza kwamba anastahili. Juu ya kaburi lake huinuliwa tuta la udongo na miti, na kazi hiyo huchukua miezi, tuta likizidi kukua hata likapita kimo cha mtu. Siku za mwisho watu wa koo nyingi hukusanyika. Huimba nyimbo za marehemu na za ukoo, na pombe ya asali hutengenezwa kwa ajili yao. Uchache wa asali na wingi wa wageni hufanya karamu hiyo kuwa gharama kubwa, na gharama hiyo ni sehemu ya heshima.

Mhakiki akiitazama bung'eda kwa jicho la jukwaa, ataona jambo lisilopatikana katika jumba lolote la michezo. Mjini jukwaa hutangulia na mchezo hufuata. Mchezo ukiisha, mapambo huvunjwa, na kesho mchezo mwingine huingia. Katika bung'eda jukwaa hujengwa katika mchezo wenyewe, kwa mikono ya wale waliokuja kutazama. Mchezo ukiisha, jukwaa hubaki. Wachezaji huondoka, pombe huisha, nyimbo hunyamaza, na tuta husimama pale likiwaambia wapitao kwamba hapa watu walikusanyika kwa ajili ya mtu fulani.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa katika miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu na jirani zake. Mashamba hayo yalifika saba, na ardhi iliyotwaliwa ilikadiriwa kuwa ekari 100,000 hivi. Malisho bora ya Wabarabaig yalikuwa ndani yake. Kijiji cha Mulbadaw kilipeleka shauri mahakamani, na likafika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Miongoni mwa malalamiko ya Wabarabaig lilikuwa hili, kwamba matrekta yalilima makaburi ya wazee wao.

Si haki kusema kwamba waliopanga mashamba yale walikusudia kuharibu sanaa. Nchi ilitaka kujitegemea kwa ngano, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Mahakama hupima haki ya ardhi, na wachumi hupima magunia; lakini hasara ya jukwaa hupimwa na nani, ikiwa mhakiki wa sanaa hakuipima? Aliyeona tuta la udongo aliona kizuizi cha jembe, kwa sababu hakuna kitabu kilichomfundisha kwamba lile lilikuwa jukwaa. Jumba la michezo la mji lingevunjwa siku moja, magazeti yangeandika. Hapa ndipo hukumu nyepesi iliyotajwa mwanzoni, kwamba nchi hii haina jukwaa, inapoacha kuwa kosa la darasani na kuwa dhuluma. Kisichokuwa na jina katika vitabu hulimwa bila mtu kushtuka.

Na ile ngano ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye vinu, na kutoka vinuni ikawa mkate, na mkate katika miaka ile ulikuwa zaidi chakula cha mjini. Yamkini mtu aliyekula mkate wake Dar es Salaam kabla ya kwenda kutazama mchezo mzuri wa Kiswahili juu ya utu na haki alikula zao la ardhi iliyokuwa jukwaa la wenzake. Hakujua, wala hapana wa kumlaumu kwa kutojua. Lakini jambo hili laonyesha kwamba mlo na mchezo havikutengana kabisa, hata pale vilipodhaniwa kutengana. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," na mwenye jukwaa hamjui aliyelimiwa lake.

Watunzi wa Kiswahili hawakulala. Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za mwaka 1976, aliuacha mtindo wa wahusika wengi wanaojibizana na kumrudia msimulizi, mtu mmoja anayebeba hadithi nzima kwa sauti yake. Penina Muhando, katika Lina Ubani ya mwaka 1984, alimweka Bibi mwenye hadithi katikati ya habari za siku zile. Katika miaka hiyo ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, kama vile Malya, kutunga michezo pamoja na wenyeji badala ya kuwapelekea. Hizo zote ni hatua za kuivuka barabara iliyo kati ya meza na jukwaa.

Lakini upungufu umebaki, nao uko katika namna ya kusoma kuliko katika utunzi. Kazi hizi zimeingia madarasani, na mwanafunzi huzisoma kimya, peke yake, akitafuta dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Msimulizi wa Hussein anasema, na hapana anayemwitikia. Kitabu kimehifadhi nusu ya sanaa, yaani neno, na nusu nyingine, yaani kiitikio, imeachwa nje ya mlango. Mzee wa Mbulu angesikia slufay ikisomwa hivyo, angedhani waalikwa wote wamekasirika.

Kazi inayowangoja wanafunzi wa fasihi katika Mbulu na Hanang basi si ya kukusanya maneno ya wazee tu, ingawa hiyo nayo inafaa, na inafaa upesi. Anayeandika slufay na aandike pia walioitikia: wangapi, wapi waliinua sauti, wapi walinyamaza, nani alikuwa mwenye nyumba na nani alipika pombe, maana aghalabu aliyepika ni mwanamke ambaye jina lake halitajwi katika dua. Anayeandika nyimbo za bung'eda na aonyeshe tuta liko wapi, na kama halipo tena, lilikuwa wapi. Kwa kazi hiyo Kiswahili peke yake hakitoshi. Mhakiki asiyejua Kiiraqw wala Kidatoga na akubali kuketi kama mwanafunzi mbele ya anayejua, kisha Kiswahili kifanye kazi yake njema ya kuwafikishia wengine habari hiyo, bila kujidai kuwa ndicho kilichoizaa.

Na shule ya Mbulu au ya Katesh itakayoonyesha Kinjeketile au Nguzo Mama haina haja ya kungoja jumba lijengwe. Na iwaalike wazazi mchana, iwape uji au chai kabla ya mchezo kuanza, iwaketishe wakizunguka uwanja pande zote, na isiwanyamazishe watakapoitikia. Wakiitikia pasipostahili, waigizaji watajifunza. Wasipoitikia kabisa, watajifunza zaidi. Mchezo utakuwa umechezwa kwao, na watakaoutunza watakuwa wamekwisha kula pamoja.